Siku Niliyoshika Rungu Nikanyamaza

Nilimpigia kura. Nianze hapo, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma zaidi. Mwisho wa mwaka 2002, nchi nzima ikiwa imejaa matumaini ya serikali mpya, nilipanga foleni kwenye shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Kajiado, mke wangu nyuma yangu, jua likitupiga utosini. Nikaingia, nikachukua karatasi ya udiwani, nikaweka alama mbele ya jina la mtu niliyemwonea kijicho miaka na miaka. Hakuna aliyenishika mkono. Ila mimi na yeye tulitahiriwa msimu mmoja, ni rika moja, na kwetu Wamaasai mtu wa rika lako humnyimi kitu kikubwa kama hicho ukabaki na uso wa kuonyesha watu. Isitoshe, mke wangu alikuwa ameshaniambia asubuhi tukinywa chai, "Usinitie aibu leo."

Alishinda kwa kishindo. Watu walimbeba mabegani kutoka shuleni mpaka barabara ya Namanga. Mimi nami nikapiga makofi, nikajikaza kisabuni, nikarudi nyumbani nikiwa na kichwa kinachogonga.

Ili nieleweke, lazima niseme tulikotoka. Shuleni nilimwacha mbali sana. Yeye hesabu za kugawanya zilimshinda, na alipomaliza darasa la saba aliingia kwenye biashara ya mbuzi soko la Bissil, akawa mtu wa fimbo, vumbi na kelele. Mimi niliendelea na sekondari, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha ngozi upande wa Athi River. Nilipanga chumba Kitengela, wakati Kitengela bado ilikuwa maduka machache kando ya lami na uwanda mtupu nyuma yake, na swala wakilisha karibu na choo chetu.

Kazi yangu ilikuwa kupanga gredi. Ngozi mbichi ililetwa ikiwa na chumvi, ikatandazwa juu ya meza ya saruji, nami niliipitishia kiganja kuanzia shingoni mpaka mkiani. Nilitafuta mikato ya kisu cha mchinjaji, makovu ya kupe, mikwaruzo ya miiba. Kisha nilichukua chaki nikaandika moja, mbili, tatu, au msalaba. Msalaba maana yake ngozi hiyo haifai. Wafanyabiashara wakubwa, watu wenye matumbo na magari, walisimama kimya wakiangalia chaki yangu. Sijawahi tena kusikilizwa hivyo maishani.

Mwisho wa mwezi nilikuja nyumbani Kajiado na mkate, sukari na gazeti la juzi, na wazee walisogea wanipe nafasi. Yeye alinipokea kituoni akanibebea mfuko. Nilipooa alinipa mtamba mweusi mwenye baka jeupe, na tangu siku hiyo tuliitana Pakiteng, kama ilivyo desturi yetu kwa watu waliopeana ng'ombe. Ningepaswa kushukuru tu. Badala yake nilimtazama yule mtamba nikajiuliza muuza mbuzi amepata wapi mali ya kugawa namna hiyo. Mimi mwenye mshahara na chaki nilikuwa sijampa mtu yeyote hata kuku.

Halafu miaka ya tisini ikaelekea kuisha na kiwanda kikafungwa. Walituambia ngozi inauzwa nje ikiwa mbichi, kwamba viwanda vya hapa havina tena cha kufanya. Tulipewa barua, tukaondoka. Nikarudi Kajiado, nikaweka meza ndogo karibu na ofisi za serikali, nikawa najazia watu fomu za kitambulisho na kuwaandikia barua. Ilikuwa kazi ya heshima kiasi, lakini hakuna mzee aliyesogea kunipa nafasi. Siku hizo yeye alikuwa ameanza kuzungumza kwenye mikutano ya hadhara, na watu walikuwa wanamcheka kwanza, kisha wanamsikiliza, kisha wanamwita "mheshimiwa" hata kabla hajachaguliwa.

Sasa kachaguliwa, na wiki chache baadaye alikuja na mpango wake. Alikuwa ameuandika mwenyewe kwenye daftari la shule, mwandiko umelala upande kama nyasi baada ya mvua, herufi kubwa mahali pa ndogo. Aliniletea nisome kabla ya mtu mwingine. Nilisoma nimesimama, nikitafuta ujinga ndani yake.

Alisema hivi: ng'ombe wetu wanachinjwa hapa Kajiado, ngozi inapakiwa inaondoka, halafu watu wetu wanaifuata ngozi hiyo hiyo mpaka Athi River na Nairobi kuomba kazi getini. Basi ngozi isiondoke. Kwanza lijengwe banda la kusafishia, kutia chumvi na kukaushia, karibu na kichinjio, na kazi ya hapo wapewe akina mama. Kiwanda kimoja kilichokuwa bado kinafanya kazi kilikuwa tayari kuchukua lori moja kila mwezi, mradi lori la kwanza liwe zuri. Banda likisimama, ifuate karakana ya viatu na mikanda. Kazi zirudi nyumbani, aliandika, na chini ya maneno hayo akapiga mistari miwili.

Ujinga sikuuona. Roho iliniuma kuliko siku ya kura. Lingekuwa wazo la kipuuzi, ningelala vizuri. Lakini lilikuwa wazo zuri, na lilikuwa wazo langu, ila mimi sikuwahi kuliwaza. Miaka yote nimeishi na ngozi, nimezinusa mpaka kwenye mkate wangu, na mtu wa mbuzi ndiye aliyeona kazi iliyomo ndani yake.

"Unaonaje, Pakiteng?" aliniuliza.

"Si mbaya," nikasema. "Tahajia ndiyo iko na shida kidogo."

Akacheka kwa moyo wote. Hata kicheko chake nilikionea wivu, maana hakikuwa na kidonda ndani yake.

Mkutano uliitishwa siku ya Jumamosi katika darasa la shule ile ile tuliyopigia kura. Wazee walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakifika kidevuni, na wanawake walijaa madirishani na mlangoni. Mazungumzo yalikwenda kwa utaratibu wetu: rungu linapita, anayelishika ndiye anayesema, na akishalishika akanyamaza au akakubali, basi jambo hilo hana tena haki ya kulipinga nyuma ya mgongo. Maneno ya mtu mwenye rungu mkononi hayasahauliki. Watu watakukumbusha ukiwa mzee huna meno.

Yeye alishika rungu kwanza akaeleza banda, chumvi, lori. Kisha akasema neno moja ambalo lilinifanya ninyooke kwenye dawati langu.

"Mnunuzi anataka ngozi safi," alisema. "Tusimpelekee takataka. Kila boma lilete ngozi yake nzuri kabisa, ya ng'ombe mwenye chapa ya kupendeza. Na tutazikunja chapa ikiwa juu, ndio kila mtu ajulikane hii ni yake, na ukoo wake usipate aibu."

Wazee walinguruma kwa kuridhika. Kwetu chapa ni fahari. Chuma cha moto kinapitishwa ubavuni kwa mistari mirefu, kila ukoo na mistari yake, na ng'ombe aliyechorwa vizuri husifiwa kama mtu aliyevaa vizuri. Hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kuona chapa kama kasoro. Isipokuwa mimi. Mimi ndiye niliyeziandikia msalaba miaka saba. Ubavu na mapaja ndiyo sehemu nene inayokatwa viatu, na chuma kikipita pale ngozi inakufa, inakuwa ngumu na kupasuka, na hakuna dawa ya kiwandani inayoifufua. Walikuwa wanakwenda kuchagua, kwa uangalifu mkubwa, zile ngozi ambazo zingetupwa kwanza.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa rahisi. Waanze na mbuzi na kondoo, ambao kwetu hukatwa masikio tu, ngozi zao ziko nzima. Lori la kwanza lijae hizo. Na ndama watakaozaliwa wachomwe chapa shavuni au chini ya goti. Maneno matatu, manne, nikishasema nikae.

Na rungu likaja kwangu. Halikuja kwa zamu. Diwani aliwaruka wazee wawili waliokuwa wamenitangulia, akaniwekea mkononi mwenyewe.

"Pakiteng, wewe ndiye umeishi na hizi ngozi," alisema mbele ya wote. "Sisi hatujui. Sema."

Nilisimama. Rungu lilikuwa zito, mpini wake laini kwa mafuta ya mikono ya watu. Darasa zima lilinitazama kama zamani wafanyabiashara walivyotazama chaki, na kwa kitambo kidogo nilijisikia mtu. Kisha nikamwona yeye, ameegemea ubao mweusi, koti jipya, anatabasamu, ananisubiri niongeze jiwe kwenye nyumba yake. Nikajiambia: nikisema, watasema diwani wetu ana hekima, anajua kuuliza. Nikinyamaza, lori litarudi, atabaki anashangaa, nami ndipo nitasimama niseme, kumbe tulikuwa na mtaalamu hapa hapa. Hayo ndiyo niliyoyawaza. Sitafuti namna ya kuyapamba.

"Mimi naunga mkono yale mheshimiwa amesema," nikasema. "Sina cha kuongeza."

Walipiga makofi. Nikampa rungu mzee aliyefuata.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba mke wangu angepata kazi. Banda liliposimama waliandikwa wanawake kumi na wawili, na yeye akawa wa nne. Hakuombewa upendeleo wowote. Alisimama mstarini na wenzake, akaulizwa kama ana nguvu za mikono, akasema ameteka maji tangu ana miaka sita. Alirudi nyumbani na gambuti nyeusi na aproni ya plastiki, akavivaa na kuzungukazunguka chumbani watoto wakimcheka. Nilikuwa sijamwona na furaha ya namna ile tangu nilipofutwa kazi.

Harufu ya ngozi ikarudi nyumbani kwangu, safari hii ikiwa kwenye nywele zake. Alinisimulia kila jioni tukila ugali: namna ya kukwangua nyama iliyobaki bila kutoboa, namna ya kumwaga chumvi mpaka pembeni, mheshimiwa alipita leo, mheshimiwa alisema hivi, mheshimiwa alishika ngozi kwa mikono yake mwenyewe akatusaidia kuitandaza. Kila "mheshimiwa" ilinichoma. Mikono yangu mimi ilikuwa imeshika ngozi nyingi kuliko atakazoziona yeye maishani, na hakuna aliyesimulia.

Wiki ya pili mke wangu aliniuliza mwenyewe. Alikuwa anaosha vyombo, mgongo umenielekea.

"Baba watoto, wewe ulifanya hii kazi. Ile chapa wanatuambia tuweke juu, haina shida?"

Hapo ndipo ningeweza kuponya kila kitu. Lori lilikuwa halijajaa. Nilikuwa na jibu mdomoni, nalionja kabisa. Lakini ningelisema, angelipeleka kesho bandani, na diwani angelishukuru, na mpango wake ungepona kwa mkono wangu bila mtu kujua mkono huo umetoka wapi.

"Ngozi ni ngozi," nikamjibu.

Akaamini. Kwa nini asiamini? Mumewe alikuwa mtaalamu.

Lori liliondoka siku ya Ijumaa kwa nyimbo. Ngozi zilipangwa chapa juu, na wazee walikuja kuaga, kila mmoja akionyesha ya kwake kwa fimbo na kuisifia. Diwani alipanda mbele pamoja na dereva. Nilisimama kando nikiwa na kalamu yangu sikioni, nikapunga mkono kama watu wengine.

Lilirudi Jumatatu adhuhuri, nikiwa namjazia mama mmoja fomu. Nililiona likipita polepole, turubai limefungwa vile vile lilivyofungwa siku ile, na diwani mbele ametazama magoti yake. Nitasema ukweli: nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni, tamu kabisa, nikaandika jina la yule mama vibaya ikabidi nianze fomu nyingine. Ilidumu muda wa kuandika fomu hiyo ya pili. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa bandani anasubiri lori.

Nilipofika niliwakuta wanawake wamekaa chini juu ya magunia ya chumvi, aproni bado zimefungwa. Ngozi zilikuwa zimemwagwa mbele yao, na juu ya kila moja palikuwa na msalaba wa chaki. Kiwanda kilikuwa kimekataa shehena nzima, na mnunuzi kavunja makubaliano. Karani wa banda aliwaambia wavue gambuti wazirudishe. Mke wangu alizivua, akazipangusa kwanza kwa kitambaa, akaziweka sambamba na za wenzake, akaondoka na ndala. Hakuniona nimesimama, au aliniona akapita.

Diwani alikuja kwetu Jumapili baada ya ibada. Alikuja kwa miguu, bila watu wake. Mke wangu alimkaribisha, akamwekea kiti, akaingia nyuma ya pazia kupika chai.

"Sopa, Pakiteng."

"Epa," nikaitikia salamu.

Nikaanza kusogeza vitu juu ya meza bila sababu.

"Sikuja kulaumu mtu," alisema hatimaye. "Niko na swali moja tu. Lakini kwanza nikueleze kitu. Yule mnunuzi alitaka kutuma mtu wake aje aangalie ngozi kabla hatujapakia. Akaniuliza, huko kwenu nani amekagua? Nikamwambia tuko na mtu wa rika langu, alipanga gredi miaka mingi, rungu lilifika mkononi mwake na akasema yuko sawa. Akaniuliza jina lako, nikamtajia. Akasema, kama ni huyo, sitatuma mtu. Huyo namjua, chaki yake haikuwahi kudanganya. Pakieni, mlete."

Sikuwa na mahali pa kuweka macho yangu.

"Sasa swali ni hili. Hiyo mambo ya chapa, ulijua?"

Miaka mitano nilikuwa nimeamini jina langu limezikwa pamoja na kile kiwanda. Nililia wivu usiku na mchana kwamba yeye ana jina nami sina. Kumbe jina langu ndilo lililofungua geti, na yeye alikuwa amelibeba mpaka kwa watu wakubwa na kulitaja bila haya, kama kitu cha kujivunia.

"Nilijua," nikasema.

Mke wangu alikuwa ametokea na birika. Alisimama pale pale pazia likiwa begani mwake. Kisha akaja, akamimina chai vikombe viwili bila kumwaga hata tone, akarudi nyuma.

Mimi ningetukana. Ningeinua kile kiti. Yeye alikunywa chai yake yote, taratibu, mpaka chini. Alipomaliza akasema, "Jumamosi nimeitisha mkutano tena. Utakuja uwaambie wazee kile walifaa kuambiwa?"

"Nitakuja."

"Sawa," akasema, akamshukuru mke wangu kwa chai kupitia pazia, akatoka. Nilimtazama akivuka uwanja, na aibu nilikuwa nayo tele, lakini chini ya aibu, sijui niseme nini, bado nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa sababu aliweza kuondoka nyumbani kwangu namna ile.

Jumamosi nilikwenda, nikashika rungu, nikasema yote: mbuzi, kondoo, shavu la ndama, na kwamba nilikuwa nayajua siku ile ya kwanza. Wazee walisikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyepiga makofi. Mnunuzi hakurudi. Banda lilikaa tupu, baadaye likawa stoo ya mahindi ya msaada miaka ya ukame.

Lakini Jumapili ile, diwani alipokwisha kuondoka, mke wangu alikuja kutoa vikombe. Alikichukua cha mgeni, changu akakiacha, maana kilikuwa bado kimejaa.

"Mimi ulianza kunichukia lini?" akaniuliza.

"Si wewe," nikasema. "Ilikuwa yeye."

"Yeye kesho anaenda kazini," akasema. "Ni mimi nabaki hapa na wewe."